Mchumba wa kwenye simu: wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu, tusije tukapoteza ndugu zetu

Mama Vitenge, Mwanga (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu. Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike aliniomba nauli ya kwenda Tabora "msibani". Nilipomwangalia usoni nikajiona mimi mwenyewe. Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na mwanaume aliyempata kwenye simu.

Wangu mimi alijitambulisha kuwa mhandisi kwenye ujenzi wa SGR, kipande cha Tabora na Kigoma. Picha zake zote kavaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Tukaongea miezi mitatu, asubuhi salamu, usiku "umekula?". Kitu kimoja nilikichukulia kuwa ni mapenzi: hakutaka mtu yeyote ajue. "Ndugu zako watatuvuruga, tuwashtukize na barua ya posa." Basi nikaaga nyumbani kwamba nakwenda kuzika, nikapanda treni.

Tulipopita Nguruka akaniandikia nisifike Tabora mjini, nishuke Usoke, atakuja kunichukua na gari. Treni ingefika Usoke usiku wa manane, na mimi Usoke simjui hata mtu mmoja. Pembeni yangu alikaa bibi aliyepandia Uvinza, kiroba cha chumvi kakibana katikati ya miguu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko unakwenda kwa nani?" Nikamwambia msibani. "Kafa nani?" Nikakosa jina la marehemu. Nikaanza kulia.

Hakunigombeza. Akasema mwandikie huyo bwana kwamba unashuka Tabora stesheni, uko na bibi yako, aje kukuona kukishakucha. Nikaandika hivyo hivyo. Alama zikageuka bluu. Kimya kama dakika kumi, kisha yakaja matusi ambayo sijawahi kutukanwa tangu nizaliwe, kisha picha yake ikatoweka, kanifungia. Bibi yule alishuka nami Tabora, tukakaa stesheni mpaka kulipopambazuka, akaninunulia chai na matobolwa. Mpaka leo sijui ni nini kilikuwa kinanisubiri Usoke.

Naomba yaliyowapata, na mlivyojinusuru. Anayekuja kumcheka mtu hapa asiandike.

Binti Ujiji

Pole sana dada. Wangu alidai anakaa Ujiji hii hii, nyuma ya makumbusho ya Livingstone. Jioni moja tunaongea, nikasikia kwake muadhini anaadhini magharibi. Mimi muda huo niko ufukweni nachagua dagaa, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, linaniwaka machoni. Wenyeji mnajua: saa ni moja nchi nzima, lakini kwetu jua linazama karibu dakika 40 baada ya Dar. Nikamuuliza, hiyo adhana ni ya msikiti gani? Akakata simu.

Tangu hapo simwamini mtu kabla hajanipigia video akiwa nje, anatembea, na mimi nachagua saa ya kupiga.

Kaka wa Isevya

Binti Ujiji, video ni nzuri lakini usiiegemee. Mimi aliyenimaliza alinipigia video, sura ile ile, sauti ile ile.

Sijawahi kuliandika hili popote. Wengi mnadhani anayeumia ni mwanamke tu. Huyu binti alichagua gesti yeye, mtaa wa pembeni huku Tabora, nami nikaona amenirahisishia. Sijamaliza kuvua shati, mlango ukafunguliwa. Haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo, na ile sauti ya ufunguo kuzunguka bado naisikia usiku. Wakaingia wanaume wawili, mmoja anasema ndiye mume. Wakanipiga picha nilivyokuwa, wakanilazimisha kutaja namba ya siri, wakahamisha sh. 380,000. Ilikuwa hela ya asali ya mzee wangu, nimetoka kuuza siku hiyo hiyo.

Nilidhani yameisha. Mwisho wa mwezi ukaja ujumbe: tuma 50,000 au picha zinakwenda kwa mke wako. Nikatuma. Mwezi uliofuata tena. Miezi mitano nalipa, nimekonda, mke wangu anadhani naumwa, kumbe nafsi inaniuma. Mjomba akaniita chini ya mwembe wake akanibana mpaka nikasema. Akasikiliza yote, akaniambia: "Hao wanauza aibu yako. Mimi nimeshaijua, basi bei imeshuka." Kesho yake tukaenda polisi wawili. Jumbe zote nilikuwa nazo, na rekodi za miamala, kwa sababu sikufuta. Askari akaniambia Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, akafungua jalada, hakunicheka.

Nikaacha kutuma hela. Walisambaza picha kwa watu wawili, na wote wawili walinipigia kunipa pole. Mke wangu nilimwambia mwenyewe kabla hazijamfikia. Alikaa kwao wiki tatu, akarudi. Kesi bado inaendelea.

Mama Vitenge, Mwanga

Kaka yangu, nimesoma mara mbili nikashindwa kujibu haraka. Mungu akutie nguvu wewe na mkeo.

Mjane wa Kasulu

Mimi "daktari" wa Yemen, mzigo wa zawadi umekwama uwanja wa ndege, lipia ushuru. Sh. 640,000, mikopo ya kikundi. Nataka niseme moja tu: kabla ya kuthibitisha, simu iliniletea jina la anayepokea, na halikuwa lake. Nililiona. Nikabonyeza hivyo hivyo kwa kuwa alishaniambia ni jina la wakala wake. Namba za namna hiyo zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Boda wa Gungu

Nabeba mabinti wengi wanaokwenda kuonana na watu. Unamjua tu, kila baada ya mita chache anasema "ngoja nimuulize tena ni wapi". Mwenyeji anambadilishia mahali: kwanza mgahawani, kisha njia panda, kisha "mwambie boda akuache hapo nitakufuata". Mahali pakibadilika mara mbili, dada zangu, geuzeni. Mimi binafsi nimewahi kukataa kumshusha mmoja huko juu ya Kibirizi, nikamrudisha mjini bure, akaninunia. Nendeni na boda mnayemjua kwa jina, na kituo chake mnakijua, mwambieni asubiri. Nusu saa ya kusubiri si hela nyingi.

Muuguzi, Tabora

Kwa ambaye limeshamkuta la kuingiliwa kwa nguvu, au alikunywa kitu akaamka hajitambui: usioge, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi ukiupata, uje hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto na watakupa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini kama uko hoi anza kwetu. Wanaokuja siku ya tano kwa sababu waliona haya ndio wanaonitoa machozi, maana nabaki na kidogo sana cha kuwapa. Wanaume pia mje.

Mke wa Mtu, Mwandiga

Naomba nami nisikike, msije mkawatisha watu wote. Mume wangu nimempata kwenye simu, tuna watoto wawili. Siku ya kwanza tulionana saa nane mchana, mgahawa wa karibu na stesheni ya Kigoma, watu wanaingia wanatoka. Dada yangu alikaa meza ya pili na soda yake. Nilimwambia mwanaume tangu mapema kwamba nakuja na dada, nione atasemaje. Akajibu, "Vizuri, na mimi nakuja na shemeji yako mtarajiwa," akaja na mdogo wake. Wale wawili walimaliza sahani ya migebuka peke yao wakati sisi tunaonana aibu. Wiki iliyofuata nilishajua kwao, na kwao walishanijua.

Msomaji Kimya

Nimesoma uzi huu tangu jana. Jumamosi nakwenda kuonana na mtu, kaniambia nisimwambie yeyote kwanza. Je, kuna dada yeyote humu yuko Kigoma mjini anaweza kuja kukaa meza ya jirani?

Mama Vitenge, Mwanga

Mdogo wangu, humu hatujuani, na mimi pia hunijui. Usimuombe mtu wa humu. Ndani ya nyumba yenu ni nani anayekupenda na ana maneno makali? Huyo huyo mwambie leo, mpe jina la huyo mtu, namba yake na mahali.

Msomaji Kimya

Nimemwambia shangazi. Amefoka kwanza, nikadhani atampigia baba. Halafu akauliza ni saa ngapi.