Kumpigia bosi wangu mbele za watu na kuweka SPIKA? Huyu mwenye nyumba ana nini lakini!

Wakuu, natoka kuangalia nyumba sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mwenye nyumba simtaji, mnamjua. Yule yule. Kama hujapanga kwake wewe, kapanga ndugu yako.

Nilikwenda nimekamilika. Barua ya mwajiri yenye mhuri: nimeajiriwa lini, cheo gani, mshahara kiasi gani. Hati za mshahara za miezi mitatu. Barua ya mwenye nyumba ninakotoka, miaka minne sijachelewesha kodi hata siku moja. Hiyo hakuifungua! Aliigeuza kitako cha kikombe chake.

Akatafuta namba kwenye barua ya mwajiri, akapiga, AKAWEKA SPIKA. Tuko watu kumi na mmoja, foleni hadi kwenye ngazi, wote masikio wazi. Afisa utumishi akaulizwa, "Huyu mtakuwa naye mwaka mzima?" Kimya. Sekunde tatu. Sekunde ndefu kuliko mkataba wangu wa kazi! Halafu: "Sisi tunathibitisha tarehe na cheo tu." Ndio utaratibu wao kwa kila mtu, hata mwanzilishi wa kampuni angejibiwa hivyo. Jamaa akakata simu, akanirudishia makaratasi: "Bosi wako anasita, mimi nisisite?"

Kwa spika! Sasa kazini wanadhani naaga. Nyumba ni adimu, sawa, ndiyo utuvue nguo hadharani? Afisa utumishi atajuaje kama nalipa kodi? Anayejua ni yule ambaye barua yake imebaki na duara la kikombe. Spika jamani. SPIKA.

Kufuli Bovu: Pole mkuu, ila sekunde tatu hizo zina maneno. Kazini ulifanya nini?

Mleta uzi: Utaratibu wao! Soma uzi!

Mama Mwenye Nyumba: Mwanangu, spika ni kosa. Mimi naomba ruhusa kwanza ndipo napiga, na namchukua wa kwanza aliyetimiza, siuzi kwa mnada. Lakini barua ya mwenye nyumba wa zamani siiamini tena. Niliwahi kuletewa mpangaji anasifiwa kama malaika, kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta pa kumtupia. Alikaa miezi saba, akalipa miwili, akaondoka na balbu zote na kitasa cha chooni. Usiku nilimsikia akifungua skrubu.

Fundi Huru: Na sisi tuliojiajiri atuandikie nani? Nilipeleka taarifa ya benki ya mwaka mzima nikaambiwa "mlete bosi". Bosi ni mimi, nimesimama mbele yako!

Msoma Sheria: England tangu 2019 ni marufuku kumtoza mpangaji ada ya kukagua barua zake. Kwingine unalipia kukataliwa.

Kufuli Bovu: Ada ya kuonyeshwa je? Dalali alinipeleka mlango mmoja mara mbili, akadai mara mbili!

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye spika.

Fundi Huru: Subiri kwanza mkuu. Kufuli, dalali huyo funguo zake kazifunga kwa kamba ya kiatu?

Kufuli Bovu: HUYO HUYO!