Ushauri: Kuongeza ukumbi mpya kwenye nyumba ya kale ya vinyago, Mikindani

Msanifu_Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msanifu majengo, bado mchanga kwenye fani. Mteja wangu ana nyumba ya kale ya mawe hapa Mikindani, ndani ameweka vinyago vya Kimakonde na mapiko, zile barakoa za ngoma. Vyumba vimebana, si mnajua upana wake unafuata urefu wa boriti, sasa anataka ukumbi mpya uani. Yeye anang'ang'ania boksi la kioo la ghorofa mbili, "kama piramidi la Paris". Mimi naona tuige ya zamani, matao na milango ya nakshi, mtu asijue kipya ni kipi. Tunavutana. Mngefanyaje? Halafu, naweza kuegemeza paa jipya kwenye ukuta wa zamani nipunguze nguzo?

FundiChokaa:
Nianze na hilo la mwisho: usithubutu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna nondo wala linta ya zege, umesimama kwa unene na uzito wake tu. Ukiubebesha paa upande mmoja utapasuka. Simamisha nguzo zako mwenyewe, acha upenyo wa kama mita moja, unganisha kwa kibaraza chepesi. Maji ya paa jipya yasimwagikie mguu wa ukuta wa zamani, mvua za Desemba hadi Aprili hazina huruma.

Na mafundi wako wasipige lipu ya saruji kwenye ukuta ule! Unyevu unaopanda toka ardhini hutoka nje kupitia chokaa ukakauka. Ukiziba kwa saruji unabaki ndani, chumvi inasukuma lipu inabanduka, na jiwe lenyewe linaanza kuliwa. Nimezibandua nyingi.

Dada_Shangani:
Mteja wako kaangalia kioo, hakuangalia kazi yake. Hiyo piramidi ya Louvre, makumbusho ya Paris, aliyoisanifu I. M. Pei, iliyofunguliwa 1989, ni mlango tu wa kushukia chini, picha haziko mle. Boksi la kioo kwa jua la Mtwara ni joto mchana kutwa, na mpingo ukikauka haraka unapasuka. Mwonyeshe makumbusho ya Nelson-Atkins ya Kansas City, Marekani: jengo la mawe la 1933, na mwaka 2007 Steven Holl akaongeza jipya pembeni, sehemu kubwa iko chini ya ardhi, vioo vya ukungu vinaleta mwanga laini. La kale bado ndilo linalotawala. Ila kuchimba chini sahau, bahari iko mlangoni.

Mjukuu_wa_Pwani:
Kuiga sikuungi mkono. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kazi mpya ijulikane kuwa ni ya zama zake.

Kitangari1:
Venice ndiyo itakuja kuangalia maonyesho? Mkuu, weka zege na bati tupu hapo, watu wataliita godauni.

Mjukuu_wa_Pwani:
Nani kasema zege tupu? Kimo kisiipite nyumba ya zamani, kuta zipakwe chokaa, madirisha membamba ya juu yanayopitisha upepo. Mgeni atajua ni jipya bila kuudhika. Halafu Idara ya Malikale na Manispaa wameshauona mchoro?

Mchongaji_Newala:
Mnabishana kuta, mmesahau ua. Mapiko hayakuchongwa yakae kabatini, huvaliwa na kuchezwa vijana wakitoka jandoni. Ukumbi ukimeza ua, ngoma itachezwa wapi? Jenga mwembamba ufuate ukuta wa nyuma, kati pabaki wazi. Na baraza yake iwe pana, sisi wachongaji tukae kivulini tuchonge watu wakiona. Mgeni akishaona patasi inavyofanya kazi, bei haulizi mara mbili.

Msanifu_Kusini:
Mzee wa Newala, hapo umenimaliza. Kwenye mchoro wangu ua ulikuwa umekwisha wote. Nauchora upya ukumbi mmoja mrefu wa chini, ghorofa mteja atanisamehe. Malikale bado, Jumatatu naenda kabla sijagusa kitu. FundiChokaa, chokaa ya kuchoma naweza kuipata huku?

FundiChokaa:
Ipo, ila usiipokee na kuipaka siku hiyohiyo, ilale kwanza shimoni kwenye maji, wiki kadhaa. Njoo inboksi.