Kujifunza udereva: niumalize wakati wa likizo, au niende Jumamosi hadi niive?

Mkazi wa Kimara

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri katika jambo ambalo nimelitafakari kwa muda bila kufikia uamuzi. Ninaishi Kimara, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na nimekusudia kupata leseni ya daraja D ili niweze kuendesha gari dogo la familia. Chuo cha udereva kilicho jirani yetu kimenipa njia mbili. Ya kwanza ni kuhudhuria kila siku, kwa muda wa saa tatu mfululizo, kwa wiki mbili, nikitumia sehemu ya siku zangu 28 za likizo ya mwaka. Ya pili ni kuhudhuria kila Jumamosi asubuhi, muda wa saa moja na nusu, hadi mwalimu atakaporidhika. Ada hazitofautiani sana, kwa hiyo fedha si kigezo.

Ninachohofia katika njia ya kwanza ni kufaulu mtihani wa askari wa usalama barabarani huku bado sijaiva. Na katika ya pili, ni kusahau kati ya Jumamosi moja na nyingine kiasi cha kuanza upya kila mara. Gari la chuo ni la gia za mkono. Ningependa kuwasikia waliofundisha au waliojifunza kwa mojawapo ya njia hizi.

Mwalimu wa Ilala

Ndugu yangu, nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba usichukue yoyote kati ya hizo mbili kama ilivyo. Mwanafunzi mpya hawezi kunufaika na saa tatu mfululizo. Katika saa ya kwanza anasikiliza na kutenda. Katika ya pili anatenda bila kusikiliza. Katika ya tatu mguu wa kushoto umechoka, klachi inaachiwa kwa ghafla, gari linazimika katikati ya makutano, na mwalimu anaanza kushika usukani ili warudi salama. Muda huo wa mwisho umelipiwa lakini haukufundisha kitu, na mara nyingine unamwachia mwanafunzi mazoea mabaya ambayo kesho yake lazima yaondolewe kwanza.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Uingereza, Baddeley na Longman, walichapisha matokeo ya mafunzo ya kupiga chapa waliyopewa watumishi wa posta. Waliofundishwa kipindi kimoja cha saa moja kwa siku walizijua herufi za kibodi kwa jumla ya saa 35 hivi, ilhali waliofundishwa vipindi viwili vya saa mbili kila siku walihitaji karibu saa 50 kufikia kiwango hichohicho. Na bado wale wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa walihesabu siku zilizopita na kujiona wanachelewa. Kupiga chapa si kuendesha gari, lakini mikono na miguu hujifunza kwa namna inayofanana, na nimewaona wanafunzi wangu wakidanganywa na hisia hiyohiyo: aliyeshinda ndani ya gari tangu asubuhi anajiona ameweza, kumbe amezoea tu barabara ileile na sauti ya mwalimu yuleyule.

Waombe chuo wakupe saa moja kila siku kwa likizo yako yote, badala ya saa tatu kwa wiki mbili. Chuo kinachojali wanafunzi hakitakataa.

Mama wa Tegeta

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu uchovu nakubaliana nawe kabisa, ila naomba nitetee kidogo kujifunza kwa mfululizo, kwa kuwa nilijifunza hivyo kabla ya kuhamishiwa kazi mkoani. Kikwazo changu kikubwa kilikuwa hofu, na hofu hailingani na klachi. Daladala likikubana leo upande wa kulia, nawe kesho asubuhi ukarudi palepale, hofu inapungua. Ukingoja Jumamosi ijayo, unakaa na tukio hilo wiki nzima na linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Kwa mtu mwenye woga, kwenda mara moja kwa wiki kunaweza kumfanya aache kabisa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mafunzo ya wiki chache hayawezi kumpa mtu hata mwalimu awe hodari namna gani, nalo ni majira. Mimi nilijifunza kiangazi, mchana. Masika yalipofika nilikutana kwa mara ya kwanza na maji yaliyofunika mashimo, kioo kilichojaa ukungu wa pumzi na bodaboda zisizo na taa usiku. Hayo yote niliyajua baada ya kupata leseni, bila mtu yeyote kando yangu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa.

Mkazi wa Kimara

Nawashukuru sana wote wawili. Chuo kimekubali saa moja kila siku. Mwalimu, naomba kuuliza jambo moja lililobaki: gari la nyumbani ni la otomatiki, na kaka yangu mwenye leseni yuko tayari kukaa nami jioni. Je, mazoezi hayo yatanisaidia, au yatanivuruga miguu?

Mwalimu wa Ilala

Marahaba, mama, hoja ya hofu naipokea, na hiyo ya masika nimeipenda zaidi.

Ndugu wa Kimara, usianze na gari la nyumbani katika siku za mwanzo, hadi mguu wako uweze kuondoa gari mlimani bila kurudi nyuma. Baada ya hapo litakufaa sana, kwa sababu halina klachi ya kushughulisha akili, nawe utabaki na kazi ya macho: kutazama vioo kabla ya indiketa, kumpisha aliye upande wa kulia kwenye kipilefti, kuchagua njia mapema kabla ya kufika Daraja la Kijazi pale Ubungo, na kutoingia katika njia za mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Uwe na leseni ya kujifunzia iliyo hai, gari liwe na alama ya L mbele na nyuma, na kaka yako akae kiti cha mbele akiwa macho, simu yake ikiwa mfukoni. Muulize pia wakala wa bima kama wewe mwanafunzi unahusika katika bima ya gari hilo.

Ukishapata leseni, mwombe kaka yako aendelee kukaa nawe hadi mvua za kwanza zipite, na safari chache kati ya hizo ziwe za usiku.