Re: Hasira za Vikings, nielewesheni

> Habari zenu wanajumuiya. Nina miezi minne hapa Minneapolis, nahudumia wazee. Nikigusa tu habari za Vikings, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, wanarudi kwenye msimu wa 2022, na wengine wanakasirika hasa. Kumbe timu ilishinda mechi 13 ikapoteza 4 tu! Hasira ya nini?

Karibu sana, mdogo wangu. Kazi hiyo ndiyo yangu pia, na msimu ule niliutazama vyumbani mwa wazee.

Usihesabu ushindi peke yake, jumlisha pointi. Mechi zote 17, Vikings walipata 424, wapinzani 427. Ushindi 11 ulikuwa wa tofauti ya pointi 8 kushuka chini, roho juu mpaka mwisho. Lakini wakizidiwa, walizidiwa kweli. Walitoka kuwafunga Buffalo 33-30 muda wa nyongeza, wiki iliyofuata Dallas wakawachapa 40-3 hapahapa nyumbani.

Mechi na timu ya Colts, Desemba 17, mzee wangu alivaa kofia ya zambarau, rangi ya Vikings. Mapumziko, Colts wanaongoza 33-0. Akaivua, akaiweka juu ya blanketi, akaniambia nizime televisheni. Nikamwomba tumalize supu kwanza. Supu ikapoa. Vikings wakarudisha zote, mpigaji wao Greg Joseph akamaliza kwa teke, 39-36. Katika NFL, ligi yao, hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma kwa pointi nyingi namna hiyo ikashinda. Nilipogeuka, kofia iko kichwani na machozi yanamtoka.

Januari wakaja timu ya Giants, mtoano, ukifungwa unaenda nyumbani. Timu ina majaribio manne kusogea yadi 10, sivyo? Vikings wako nyuma, jaribio la nne, zinahitajika yadi 8, mrushaji wao Kirk Cousins akamrushia mwenzake T.J. Hockenson pasi ya yadi 3. Akadakwa palepale. 31-24, msimu umekwisha. Hasira ni hiyo, na mimi nasema wana haki nayo.

Mechi nyingi za Jumapili huanza saa sita mchana. Ukiwa zamu, dawa na chakula viwe tayari mapema, usije ukamsimamia mtu mbele ya televisheni. Na kama unapanda treni, ujue mechi ikiisha kituo cha uwanjani hufurika. Toka mapema au subiri watu wapungue.

> Asante sana dada. Jumapili niko zamu kwa yule mkali kuliko wote. Nitamuuliza alikuwa wapi siku ya Colts.