Jina la biashara au kampuni? Mimi nasema tuanze na deni

Wakuu, salaam. Hapa Tanzania kila anayefungua biashara anasikia kauli mbili. Moja: "Nenda BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), sajili jina la biashara kwa 20,000, inatosha." Ya pili: "Bila kampuni hujaanza." Naleta msimamo wangu, mnipinge.

Nauza vifaa vya ujenzi. Jirani yangu wa duka la pili alikuwa na jina la biashara. Alichukua bati kwa mali kauli, akampa mkandarasi, mkandarasi akaingia mitini. Mwenye bati akashtaki, akashinda. Dalali wa mahakama alipokuja nilikuwepo. Dukani palikuwa na rafu tupu, kwa hiyo akaenda nyumbani kwa jirani: televisheni, kabati la vyombo, pikipiki, friji. Mke wake alisimama mlangoni na ufunguo wa friji mkononi, akauliza, "Na hii nayo ni ya duka?"

Kwa sheria, duka na mume wake ni mtu mmoja. Jina la biashara ni jina tu, halizai mtu mwingine. Kampuni ni mtu anayejitegemea: inadaiwa yenyewe, na mwenye hisa hasara yake inaishia kwenye hisa zake. Ndiyo maana nasema kama unauza kwa fedha taslimu tu, jina linakutosha hata ukiwa na duka kubwa. Siku utakayoanza kuchukua mzigo wa watu au malipo ya awali ya wateja, sajili kampuni, hata kama ni kibanda.

Mhasibu, Mwanza: Mkuu, uchungu wako naufahamu, ila umeiruka kodi. Mtu binafsi, hata mwenye jina la biashara, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kukadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo yake tu, bila hesabu zilizokaguliwa. Kampuni, hata ikiuza milioni 8, inapeleka ritani (taarifa ya mapato na kodi) iliyothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, inalipa asilimia 30 ya faida, na ukijigawia gawio, yaani faida ya mwenye hisa, linakatwa asilimia 10 tena. BRELA nao wanataka taarifa ya mwaka hata kama hukuuza msumari. Napokea vijana wenye kampuni iliyolala miaka minne, faini zinawasubiri. Waliambiwa kampuni ni heshima. Hakuna aliyewaambia kwamba kampuni haifungwi kwa kufunga mlango.

Na tusitishane kupita kiasi: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaikinga nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake isikamatwe, maadamu hakuiweka rehani.

Muuza mchele, Kahama: Hapo kwenye rehani ndipo penyewe. Mimi ninayo kampuni. Nilipoomba mkopo, benki ilinipa karatasi mbili: moja kampuni isaini, ya pili nisaini mimi kama mdhamini, na hati ya kiwanja juu yake. Sasa hiyo kinga iko wapi? Nimelipia usajili na mhasibu ili nirudi palepale alipokuwa jirani yako.

Mleta mada: Ndugu wa Kahama, hoja yako ni nzito kuliko zote na sitaizunguka. Mbele ya benki, kinga ya kampuni ndogo ni ndogo sana. Lakini hesabu wanaokudai. Benki ni mmoja. Mwenye magunia, mwenye lori, mwenye ghala, mteja aliyelipa nusu: hao hawakukusainisha udhamini. Kwao kampuni inakukinga, mradi fedha zake huzichanganyi na za nyumbani na hukopi kwa udanganyifu. Jirani yangu hakudaiwa na benki hata shilingi.

Mhasibu, kuhusu kodi nakubali nusu. Kukadiriwa kwa mauzo ni kwepesi, lakini makadirio hayaulizi ulipata faida kiasi gani. Sisi wa saruji, ambao mfuko unabakiza kidogo mno, tunakadiriwa sawa na anayeuza bidhaa yenye faida nono. Asilimia 30 inatisha ukiisoma, ila ni ya faida.

Naomba tuendelee na hili la udhamini. Waliowahi kusaini ile karatasi ya pili kisha kampuni ikaanguka, tuelezeni: benki ilianza na mali ya kampuni, au ilikuja kwenu moja kwa moja?