Vekta za x, y, z: vyanzo vizuri vya kujifunzia bila kula bando?

Isevya_PCM:
Habari wakuu. Nipo Tabora mjini, nasimamia kikundi cha kidato cha tano PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu). Vekta za x na y hazina shida. Ikiingia z wanapotea, hasa kwenye zao vekta (cross product, u × v: vekta inayosimama wima kwa zile mbili). Kompyuta hakuna, ni simu janja za kawaida tu. Nianzie wapi? Na je, vekta ya Kigoma hadi Tabora inafaa kuwa mfano, kwa kuwa mwinuko unabadilika?

Ujiji_Hesabu:
Mfano huo uache, mkuu. Kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 350, wakati mwinuko unapanda kutoka mita 770 hivi ziwani hadi kama 1,200. z yako ni kilomita 0.43, pembe haifiki hata digrii 0.1. Tena kwa umbali huo mviringo wa dunia peke yake unazidi kilomita 2, umeshaimeza z.

Tafuta boksi la viatu, ulikate ndani libaki sentimita 30 × 20 × 12. Vuta uzi kutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala: 38 kamili, maana 900 + 400 + 144 = 1444. Wapime kwa rula kwanza, ndipo wakokotoe. Waanze na ulalo wa sakafu (√1300, kama 36.1), kisha wapandishe kimo. Hapo wanaona Pythagoras akitumika mara mbili. Uzi ukaze kwa pini. Ukilegea kidogo tu, ubishi hauishi.

mshale_z:
Kwenye simu weka GeoGebra 3D, programu ya kuchora hesabu. Ukishaipakua haihitaji intaneti. Andika u=(2,-1,3), v=(1,4,-2), halafu Cross(u,v). Majina ya vekta yawe herufi ndogo: ukiandika U itachora nukta, siyo mshale. Zungusha kwa kidole mpaka uone mshale wa tatu umesimama wima juu ya ile miwili.

Cha kusoma: OpenStax, Calculus Volume 3, sura ya 2. PDF ni ya bure, na maswali ya namba witiri yana majibu. Video za 3Blue1Brown ni tamu, ila usianze nazo; ile ya zao vekta inataka mtu awe ameshaelewa determinanti. Maswali ya NECTA ya nyuma yaje mwisho.

Isevya_PCM:
Shukrani. Wengi wanakosea alama ya kijenzi cha katikati. Kuna dawa?

Ujiji_Hesabu:
Ipo, wahakiki kila jibu. Kwa vekta za hapo juu, u × v = (−10, 7, 9). Zidisha kwa nukta (kijenzi kwa kijenzi, kisha jumlisha) na u: −20 − 7 + 27 = 0. Na v: −10 + 28 − 18 = 0. Aliyesahau kugeuza alama ya j, yaani kijenzi cha katikati, ataandika −7, na kwa u atapata 14 badala ya sifuri. Kosa limejianika lenyewe. Angalizo: uhakiki huu haumkamati aliyefanya v × u, maana alama zote tatu zinageuka pamoja na sifuri inabaki sifuri. Huyo anahitaji kanuni ya mkono wa kulia.

mshale_z:
Na kwenye pembe kati ya u na v, waangalie kikokotoo. u·v = −8, kosaini ni −8/√294, jibu digrii 117.8. Akikuletea 2.06, mashine yake iko kwenye radiani.