Ulinganisho: Kugeuza SID kuwa maandishi na kuirudisha kwenye baiti kwa lugha ya C

Korosho_Seva (Mtwara mjini)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika programu ndogo kwa lugha ya C kwa ajili ya ofisi ya ushirika hapa Mtwara, ambayo ina matawi Newala na Tandahimba. Watumishi huingia kwenye kompyuta kwa akaunti za Active Directory (saraka ya Microsoft ya akaunti za mtandao), na nyaraka za stakabadhi za ghala zimehifadhiwa kwenye seva ya Samba (programu inayogawa mafaili kwa kompyuta za Windows) iliyo juu ya Debian, aina ya Linux. Programu inatakiwa kusoma sifa ya objectSid kutoka kwenye saraka hiyo kwa itifaki ya LDAP, kuilinganisha na orodha ya walioruhusiwa kubadilisha stakabadhi, kisha kuandika kwenye rejista ya matukio ni nani aligusa faili gani.

Kwenye saraka, kitambulisho hiki cha usalama, ambacho wengi wetu tunakiita SID, kimehifadhiwa kwa baiti. Kwenye faili la mipangilio, ambalo mhasibu anapaswa kulikagua kwa macho yake, kimeandikwa kwa herufi: S-1-5-21 na namba zinazofuata. Kwa hiyo ninahitaji kugeuza kwa pande zote mbili, na nimeona njia nne: ConvertSidToStringSid na mwenzake ConvertStringSidToSid za Windows, maktaba ya libwbclient ya Samba, maktaba ya libsss_idmap ya SSSD (huduma ya Linux ya kuunganisha akaunti za saraka), na kuandika mwenyewe. Programu kuu itakaa kwenye Linux, lakini toleo dogo la ukaguzi litakaa kwenye kompyuta za Windows za matawi. Naomba maoni ya waliozitumia, hasa kuhusu nani anayeachia kumbukumbu inayotolewa na nini hutokea maandishi yakiwa na kasoro.

MwlLindi (Lindi)

Ndugu Korosho_Seva, kabla ya kulinganisha maktaba ni vyema sote tuwe na picha moja ya baiti zenyewe, kwa sababu makosa mengi ya kazi hii huzaliwa hapo. Baiti ya kwanza ni toleo, nayo ni 1. Ya pili ni idadi ya mamlaka ndogo, yaani namba zinazofuata mamlaka kuu kwenye maandishi, ambayo haizidi 15. Zinafuata baiti 6 za mamlaka kuu (ile 5 katika S-1-5), na katika hizo baiti yenye uzito mkubwa ndiyo inayotangulia. Kisha kila mamlaka ndogo huchukua baiti 4, na hapa mpangilio unageuka: baiti yenye uzito mdogo ndiyo inayotangulia. SID ndefu kuliko zote ina baiti 68.

Chukua kundi la wasimamizi la ndani ya Windows, ambalo SID yake ni sawa kwenye kila kompyuta:

`01 02 00 00 00 00 00 05 20 00 00 00 20 02 00 00`

Ukisoma vizuri unapata S-1-5-32-544. Ukisoma mamlaka ndogo kwa mpangilio ule ule wa mamlaka kuu, unapata S-1-5-536870912-537001984, namba ambayo ina sura ya SID halali kabisa na ambayo hakuna kompyuta itakayoilalamikia. Ukikutana na namba kubwa za aina hiyo kwenye rejista yako, shuku mpangilio wa baiti kabla ya kushuku saraka.

Jambo la pili: soma sifa hiyo kwa ldap_get_values_len na usitumie ldap_get_values, kwa kuwa ndani ya SID kuna baiti za sifuri, na tungo ya kawaida ya C hukatika kwenye sifuri ya kwanza. Ukishapata bv_len, yaani urefu wa baiti zilizosomwa, hakikisha ni sawa na 8 jumlisha mara 4 ya idadi iliyotajwa kwenye baiti ya pili. Karani wa ghala hapokei gunia la korosho kwa uzito ulioandikwa ubavuni. Analiweka kwanza kwenye mizani.

FundiNachingwea (Nachingwea)

Mwalimu, shikamoo. Maelezo hayo yanaonyesha kwamba upande wa kutoka baiti kwenda maandishi hauhitaji maktaba yoyote. Ni mistari isiyozidi thelathini, inakompailiwa sawasawa kwenye Linux na Windows, na hakuna kumbukumbu ya kuachia ikiwa unaandika ndani ya bafa (eneo la kumbukumbu) aliyoileta mwitaji. Ukubwa wa bafa unakokotoleka: "S-1-" ni herufi 4, mamlaka kuu haizidi herufi 14, kila mamlaka ndogo ni kistari kimoja na tarakimu zisizozidi 10, na kwa mamlaka 15 hiyo ni herufi 165. Ongeza sifuri ya mwisho, jumla ni 184. Samba wenyewe wametenga 190 kwenye WBC_SID_STRING_BUFLEN, nami hutumia hiyo hiyo.

Kuna mahali pawili tu pa kuangalia kwa makini. Kwanza, bv_val, yaani baiti zenyewe zilizosomwa, ni kielekezi cha char, na kwenye mashine nyingi char ina alama ya kutoa, kwa hiyo baiti ya 0xF0 itageuka kuwa namba hasi usipoipeleka kwenye uint8_t. Pili, usisukume baiti biti 24 kabla ya kuifanya uint32_t, kwa kuwa C huipandisha kwanza iwe int, na baiti ya 128 au zaidi inafurika, jambo ambalo kiwango cha lugha hakilitolei tafsiri:

`v = (uint32_t)p[0] | (uint32_t)p[1] << 8 | (uint32_t)p[2] << 16 | (uint32_t)p[3] << 24;`

Njia hii pia inakuepusha na kugeuza kielekezi cha baiti kuwa kielekezi cha uint32_t, ambacho kwenye baadhi ya mashine husimamisha programu anwani isipogawanyika kwa 4. Mamlaka kuu ikifika 2 kwa kipeo cha 32 au zaidi, iandike kwa 0x na tarakimu 12 za msingi wa 16. Chini ya hapo iandike kwa tarakimu za kawaida.

BiNewala (Newala)

Kaka FundiNachingwea, kwa upande huo sina pingamizi. Pingamizi langu ni kwa upande wa pili, wa kutoka maandishi kwenda baiti, ambako anayeandika ni binadamu, na anachokiandika ndicho kinachoamua nani aruhusiwe kugusa stakabadhi ya mkulima. Karibu kila mtu anayejiandikia hukimbilia strtoul, fankisheni ya C inayogeuza maandishi kuwa namba, nayo ni pokezi mno kwa kazi hii: inaruka nafasi tupu zilizotangulia, na inakubali alama za kujumlisha na kutoa.

Tazama maandishi haya yenye vistari viwili: S-1-5-21--7. Msimbo ukishavuka kistari cha kwanza, strtoul inakiona cha pili kama alama ya kutoa, inasoma hasi 7 na kuirejesha kama namba isiyo na alama. Kwenye Windows, ambako unsigned long ni biti 32, unapata 4294967289 bila kosa lolote kutajwa. Kwenye Linux ya biti 64 unapata namba kubwa kupita uint32_t, na ukaguzi wa kikomo, kama uliuweka, unaikataa. Msimbo ule ule, faili lile lile la mipangilio, na majibu mawili tofauti kati ya seva ya Mtwara na kompyuta ya tawi.

Usimpe strtoul msingi wa 0 pia, maana 0544 itasomwa kwa msingi wa 8 na kuwa 356. Anayeamua kujiandikia na asome tarakimu moja moja mwenyewe: akubali herufi kati ya '0' na '9' pekee, akusanye kwenye uint64_t, akatae mara inapopita UINT32_MAX, akatae mamlaka ya 16, na akatae chochote kinachobaki baada ya namba ya mwisho.

Masasi_Mtandao (Masasi)

Nizungumzie upande wa Windows. ConvertSidToStringSid hutenga kumbukumbu yenyewe, nawe unapaswa kuiachia kwa LocalFree. Free ya C haifai hapo. ConvertStringSidToSid ni vivyo hivyo. Kabla ya kuigeuza SID iliyotoka nje, pitisha ukaguzi wa urefu aliousema Mwalimu, kwa kuwa fankisheni hiyo hupokea kielekezi tu na haijui bafa yako inaishia wapi.

Hata hivyo, kuna tabia ya ConvertStringSidToSid inayomhusu moja kwa moja mwenye mada. Mbali na umbo la S-1, inakubali vifupisho vya herufi mbili: BA ni kundi la wasimamizi la ndani, na WD ni S-1-1-0, yaani kila mtu. Mtu akiandika WD kwenye orodha ya walioruhusiwa, hata kwa kudhani ni kifupisho cha wilaya au cha jina la mtumishi, Windows itaipokea kwa utulivu na kuiweka kuwa kila mtu. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba maandishi yanaanza na "S-1-", ndipo uiite.

Korosho_Seva (Mtwara mjini)

Nashukuru sana, hasa kwa hilo la WD, kwa maana orodha yetu inajazwa na watu ambao si wa kompyuta. Swali langu kuhusu libwbclient ni hili: je, inahitaji winbindd (huduma ya Samba inayowasiliana na seva ya domeni) iwe inafanya kazi ndipo igeuze? Na je, ninaweza kunakili baiti za LDAP moja kwa moja kwenye struct wbcDomainSid, ambamo libwbclient huweka SID, kwa memcpy?

Kilwa_Samba (Kilwa)

Kwa swali la kwanza, hapana. wbcSidToString na wbcStringToSid hufanya kazi ndani ya programu yako bila kuwasiliana na mtu yeyote. Zinazokwenda kwa winbindd ni zile za kutafuta majina, kama wbcLookupSid. wbcSidToString inakupa kumbukumbu utakayoiachia kwa wbcFreeMemory, lakini ipo pia wbcSidToStringBuf inayoandika ndani ya bafa yako, nami naipendelea hiyo. wbcStringToSid ikikuta mabaki nyuma ya namba ya mwisho hurejesha WBC_ERR_INVALID_SID, na vifupisho kama WD haivijui kabisa, jambo ambalo kwa kazi yako ni faida.

Kwa swali la pili, usifanye hivyo. Mpangilio wa sehemu unafanana kwa macho, lakini sub_auths ndani ya struct hiyo ni uint32_t za mashine yako, ilhali za LDAP zina mpangilio usiobadilika. Kwenye kompyuta za x86 memcpy itaonekana kufaulu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa msimbo utategemea mashine bila kusema. Jaza sehemu moja moja kwa mstari ule wa FundiNachingwea.

Ikiwa hutaki kujaza chochote, libsss_idmap inakufaa zaidi: sss_idmap_bin_sid_to_sid hupokea baiti pamoja na urefu wake, na kukupa maandishi ya SID. Gharama yake ni kwamba lazima kwanza uandae muktadha kwa sss_idmap_init na kuubeba popote uendako, na maandishi unayopewa huachiwa kwa sss_idmap_free_sid. Kwa seva inayotumia SSSD tayari ningeichagua. Kwa seva ya Samba pekee, sioni haja ya kuongeza maktaba nyingine.

BiNewala (Newala)

Naongeza moja ambalo naliona kubwa kuliko uchaguzi wa maktaba. Usilinganishe SID kwa strcmp, yaani herufi kwa herufi. s-1-5-32-0544 na S-1-5-32-544 zaweza kusomwa kuwa SID moja, ilhali kama maandishi ni vitu viwili. Geuza orodha yote kuwa baiti mara moja programu inapoanza, linganisha urefu kisha baiti zenyewe kwa memcmp, na urudi kwenye maandishi pale tu unapoandika rejista.

Vilevile usilinganishe kwa jina la mtumishi. Akaunti ikifutwa na nyingine ikafunguliwa kwa jina lile lile, SID mpya hailingani na ya zamani, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Kutafuta jina kwa LookupAccountSid au wbcLookupSid huweza kwenda hadi kwenye seva ya domeni, na sisi wa huku Newala tunajua mawasiliano na Mtwara yakikatika programu yenye kusubiri jina hukaa hivyo hivyo. Rejista iandike SID kwanza. Jina litafutwe baadaye na anayesoma.

Korosho_Seva (Mtwara mjini)

Nimeamua hivi. Baiti kwenda maandishi nitaandika mwenyewe kwa utaratibu wa FundiNachingwea, faili moja kwa mifumo yote miwili. Maandishi kwenda baiti, kwenye Linux nitatumia wbcStringToSid, na kwenye Windows ConvertStringSidToSid, pande zote mbili zikitanguliwa na ukaguzi mmoja ninaouandika mimi, unaokataa kisichoanza na "S-1-", vistari viwili mfululizo, nafasi tupu na sifuri ya mbele. Kwa njia hiyo faili la mipangilio litasomwa sawa Mtwara na Tandahimba.

MwlLindi (Lindi)

Mpango huo ni mzuri. Kwenye majaribio weka S-1-5-32-544, S-1-1-0, SID yenye mamlaka 15 ambazo zote ni 4294967295, moja yenye 4294967296 ambayo lazima ikataliwe, na moja ya baiti iliyopunguzwa baiti ya mwisho. Kompaili toleo la Linux kwa -g -fsanitize=address,undefined unapoyaendesha, kwani hapo ule msukumo wa biti 24 na usomaji unaovuka mwisho wa bafa vitatajwa pamoja na namba ya mstari.